Pini 8 za aina tatu: tazama waya kabla ya kusukuma plagi

Unapounganisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na mazabodi, yaani bodi kuu, plagi kubwa ya pini 24 haisumbui. Inaingia upande mmoja tu, na klipu yake ikilia "tak" imekaa. Hatari iko kwenye plagi za pini 8, kwa sababu ziko za aina tatu na ukizitazama haraka zinafanana.

Ya kwanza ni ya prosesa. Hugawanyika katikati, 4 na 4, na mara nyingi imeandikwa CPU. Safu iliyo upande wa klipu ni waya 4 za njano, yaani volti 12. Safu ya pili ni nyeusi 4, yaani ardhi. Aina ya pili ni ya kadi ya grafiki, imeandikwa PCI-E, nayo hugawanyika 6 na 2. Hapa mpangilio umegeuka: za njano ni 3 tu na zimekaa upande usio na klipu. Ukiilazimisha hii kwenye soketi ya prosesa, volti 12 inakutana na ardhi na unapata shoti. Pawa saplai nzuri hujizima papo hapo. Ya bei ya chini inaweza kuondoka na mazabodi. Vijumba vya pini vimechongwa, vingine mraba, vingine vimekatwa kona, ili plagi isiyo yake isiingie, lakini plastiki ile ni laini na mkono wenye nguvu huishinda. Plagi ikigoma, itoe uisome upya.

Ya tatu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa mashine zake zimejaa kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, Nairobi hadi Dar es Salaam. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 hazina kabisa soketi ya pini 24. Plagi yao kuu ina pini 8 na haileti volti 5 wala 3.3 za kuendeshea diski. Mazabodi yenyewe huzitengeneza kutoka volti 12, ndiyo maana waya za umeme za diski hutoka kwenye mazabodi. Katika pini hizo 8 zimo pia waya za ishara ya kuwasha, kwa hiyo usithubutu kuchomeka humo plagi ya prosesa ya ATX, yaani ya pawa saplai ya kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani. Nunua adapta ya 24 kwenda 8 iliyotajwa kwa modeli yako. Plagi ndogo ya prosesa, pini 4, inaingia moja kwa moja bila adapta. Pima na kasha kwanza: pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, haitoshi kwenye kasha jembamba. Baadhi ya HP hutumia pini 6, baadhi ya Lenovo 14, na kila moja ina adapta yake.

Pawa saplai ya zamani ya pini 20 huingia kwenye soketi ya 24 na mashine huwaka. Ila pini 4 zilizokosekana ndizo zilizobeba waya wa pili wa njano. Ukiweka kadi ya grafiki isiyo na plagi yake, inavuta hadi wati 75 kupitia mazabodi, na karibu mzigo wote wa volti 12 unapita kwenye waya mmoja. Pini hiyo hupata moto, plastiki hugeuka kahawia, kisha kompyuta inaanza kujizima wakati wa mchezo. Kwa kazi za ofisi tu, sina tatizo nayo.

Kuhusu pawa saplai zenye waya za kuchomoa: usihamishe waya kutoka kampuni moja kwenda nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa mazabodi una kanuni moja. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, na diski zako ndizo zitakazopokea volti 12 mahali pa 5.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, angalia kwanza plagi ya prosesa. Husahaulika kwa kuwa soketi yake imejificha kwenye kona ya juu. Kama imo, chukua mita ya kupimia volti. Kwenye plagi ya pini 24, waya za zambarau na nyeusi zisome volti 5 hata kabla hujabonyeza kitufe. Mashine ikiwa imewashwa, njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, na ya chungwa 3.14 hadi 3.47.