Je, wajua kwa nini ng'ombe anayekula mabua makavu hubeua gesi nyingi kwa maziwa kidogo?

Kaa karibu na ng'ombe wa maziwa aliyelala bandani baada ya kula, iwe Buhongwa, Kisesa au Usagara huku Mwanza. Anacheua taratibu, na kila baada ya muda mfupi anabeua kimyakimya. Hewa inayotoka hapo ina methani. Wengi hudhani gesi ya ng'ombe hutokea nyuma, lakini zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya methani ya tumboni mwake hupitia mdomoni na puani.

Mwaka 1776 Mtaliano Alessandro Volta alikoroga tope la Ziwa Maggiore, akakinga viputo kwenye chupa, akaona hewa ile inawaka. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunavijua viputo hivyo: kanyaga tope penye mafunjo uvione vikipanda. Hewa hiyo ni methani ileile, na wanaoitengeneza ni viumbe wadogo mno waitwao arkea, wanaoishi pasipo oksijeni. Ndugu zao wamo katika tumbo la kwanza la ng'ombe, lile kubwa kama pipa, ambalo nalo ni tope la majani lisiloingia hewa.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzinyuzi za nyasi. Bakteria wa tumboni humfanyia kazi hiyo, wakatoa asidi ambazo yeye hufyonza na kupata nguvu. Hutoa pia hidrojeni na kaboni dayoksaidi, na arkea huziunganisha kuwa methani. Hidrojeni ikibaki humo ikajaa, uchachukaji wote ungedorora, kwa hiyo arkea wana kazi yao. Ila kazi hiyo ina bei: kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati ya malisho huondoka kama methani. Gesi ya Songosongo inayozalisha umeme Dar es Salaam nayo ni methani kwa sehemu kubwa sana. Nguvu inayobeuliwa na ng'ombe ingeweza kuwa maziwa, na mfugaji ameshailipia.

Angani nako methani ina madhara. Katika miaka 20, kilo moja ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Hata hivyo hudumu kama miaka 12 tu, kwa hiyo anayeipunguza leo hahitaji kungoja vitukuu waone faida.

Sasa turudi horini. Mabua ya mahindi na majani makavu ya mpunga, chakula cha kiangazi huku kwetu, yana nyuzi ngumu. Hukaa tumboni muda mrefu, na uchachukaji wake huacha hidrojeni nyingi. Majani machanga hupita haraka, na wanga wa pumba huchachuka kwa njia inayotumia hidrojeni badala ya kuiachia arkea.

Kuna jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Ng'ombe anahitaji chakula cha kumweka hai tu, hata asipotoa tone, na chakula hicho kina gesi yake. Tuchukulie wawili: mmoja anatoa lita 2 kwa siku, mwingine lita 8. Wa pili anakula zaidi na huenda akabeua zaidi, lakini gesi yake inagawanywa kwa lita 8. Kumhesabia mfugaji mdogo gesi ya kila ng'ombe bila kuuliza lita ni kumwonea.

Kwa hiyo kata mabingobingo yakiwa na urefu wa kama mita moja, kabla shina halijakomaa, uyakatekate. Changanya na majani ya lusina, mti wa malisho wa jamii ya kunde: yana protini, na tanini zake (kemikali za asili za mimea) huwabana arkea. Yasizidi theluthi moja ya chakula, maana yana sumu iitwayo mimosini. Mashudu ya pamba, ambayo kanda yetu ya pamba inayo, huongeza protini, na mafuta yaliyobakia humo hupunguza methani kiasi. Pumba usimwage bila kipimo. Zikizidi, tumbo hujaa asidi na ng'ombe huacha kula. Ngitiri, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, ni hekima ya wazee, lakini nyasi zinazoachwa zisimame hadi Agosti zimeshakuwa ngumu. Sehemu yake ikatwe mapema, ikaushwe na kufungwa hei.

Mwani mwekundu uitwao Asparagopsis umepunguza methani kwa zaidi ya asilimia 80 katika baadhi ya majaribio, lakini ni mmea wa bahari, hauoti katika maji baridi ya ziwa letu. Magugu maji tunayo tele, ila zaidi ya sehemu tisa kwa kumi yake ni maji tu. Yatamjaza tumbo na kumwacha na njaa.

Hutapata mashine ya kupima methani bandani. Tazama kinyesi: kikiwa na vipande virefu vya majani, chakula hakikumeng'enywa vizuri. Kisha pima maziwa kila asubuhi na jioni, uandike lita kwenye daftari kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha malisho na wiki mbili baada yake.