Hidridi na oksidi: nani kachukua elektroni?

Maji ni oksidi ya hidrojeni au hidridi ya oksijeni? Molekuli ya H₂O ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, kwa hiyo majina yote mawili yanaelekea kufaa. Wanakemia huyahesabu kuwa oksidi, na sababu yake ndiyo inayofungua majina mengine yote.

Elementi mbili zinapoungana, kiishio "-idi" hupewa ile inayovuta elektroni kwa nguvu zaidi. Oksijeni ina uchu mkubwa wa elektroni. Inayoishinda ni florini peke yake. Ndiyo maana OF₂ haiitwi oksidi, bali floridi ya oksijeni. Hapo oksijeni imekutana na mbabe wake.

Hidrojeni sasa, hiyo ni kigeugeu. Mbele ya oksijeni hunyang'anywa, lakini mbele ya metali kama sodiamu au kalsiamu hunyang'anya: hutwaa elektroni moja na kuwa ayoni hasi, H⁻. Hiyo ndiyo hidridi hasa. Dondosha chembe ya hidridi ya kalsiamu, CaH₂, ndani ya maji: mapovu yanafoka papo hapo, maji yanapata moto na kuwa meupe kama maziwa. Mapovu hayo ni hidrojeni, nusu yake imetoka kwenye hidridi na nusu kwenye maji yenyewe, kwa kuwa H⁻ ya huku imeungana na H⁺ ya kule. Weupe ule ni hidroksidi ya kalsiamu, na karatasi ya litmasi nyekundu, inayotumika kupima besi, ikichovywa humo hugeuka bluu.

Neno hidridi hutumika pia kwa ulegevu, likahusisha amonia (NH₃), methani (CH₄) na H₂S, ingawa humo hidrojeni haikunyang'anya kitu. Wanafunzi wakichanganyikiwa hapa siwalaumu. Hata hivyo kundi hili lina jambo moja la kustaajabisha. Tazama hidridi za elementi zilizo safu moja na oksijeni: ya teluri, H₂Te, huchemka kwenye nyuzi −2 za Selsiasi, ya seleni, H₂Se, kwenye −41, ya salfa, H₂S, kwenye −60. Kwa mwendo huo maji yangechemka chini zaidi ya hapo, tena mbali sana. Yanachemka kwenye 100. Molekuli zake hushikana kwa bondi za hidrojeni, yaani hidrojeni ya moja huvutwa na oksijeni ya nyingine, na kuziachanisha kunahitaji joto jingi.

Oksidi za metali kwa kawaida ni besi, yaani huzima asidi: CaO ikitiwa maji huwa chokaa iliyozimwa, ile ile hidroksidi ya kalsiamu. Za zisizo metali mara nyingi huzaa asidi, kama SO₃ inavyozaa asidi ya salfuriki. Al₂O₃ ni ndumilakuwili, hupambana na asidi na besi pia, na CO haielemei upande wowote. Mwanakemia Mfaransa Lavoisier aliipa oksijeni jina lenye maana ya "mzaa asidi" akiamini kila asidi inayo. Alikosea: asidi ya hidrokloriki, HCl, haina hata chembe ya oksijeni. Jina limebaki.

Katika kutaja, zisizo metali huhesabiwa atomi: monoksidi ya kaboni, dioksidi ya kaboni. Metali zenye chaji zaidi ya moja huandikiwa namba ya Kirumi: FeO ni oksidi ya chuma(II), Fe₂O₃ ni oksidi ya chuma(III). Namba hiyo ni chaji ya chuma. Si idadi ya atomi, ingawa wengi huisoma hivyo.

Mtego wa mwisho ni TiO₂ ya titani na BaO₂ ya bariamu. Fomula zimefanana, lakini ya kwanza ni dioksidi na ya pili ni peroksidi. Bariamu hutoa elektroni mbili tu, hazitoshi oksijeni mbili zilizo peke yake, basi oksijeni hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe. Mimina asidi ya salfuriki baridi, iliyozimuliwa, juu ya BaO₂, utapata peroksidi ya hidrojeni, H₂O₂. TiO₂ haikupi hiyo.