Kombora moja, majirani wawili: kwa nini kiwewe kimshike mmoja kimwache mwingine?

Tuseme kombora limeangukia mtaa mmoja. Nyumba mbili zilizopakana zimebomoka, na waliokuwamo wote wametolewa hai kwenye kifusi. Miaka miwili baadaye, baba wa nyumba ya kwanza analala hadi asubuhi. Mama wa nyumba ya pili, upepo ukibamiza mlango, anajikuta yuko chini ya meza kabla hajatambua kuwa ni upepo. Ananusa vumbi la siku ile. Kwa nini iwe yeye?

Wengi watasema baba ana roho ngumu na mama ana moyo mwepesi. Kauli hiyo inamwonea mtu aliyekwisha kuumizwa, tena utafiti hauiungi mkono.

Hali hiyo huitwa msongo wa baada ya kiwewe, na iliingia katika orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 3.9 ya watu duniani wamewahi kuupata. Kwa waliopitia vita ni asilimia 15.3. Kwa hiyo hata vitani walio wengi hawaugui, na ndiyo maana swali la nani huugua lina uzito.

Jambo la kwanza ni wingi wa mikasa. Utafiti uliofanywa West Nile, Uganda, miongoni mwa wenyeji na wakimbizi wa Sudan, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mikasa ya aina nyingi ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyopanda, na kwa waliopitia aina nyingi kupita kiasi karibu hakuna aliyesalimika. Yaani hata huyo mwenye roho ngumu ana kikomo. Hofu huhifadhiwa vipande vipande: mlio, harufu, moyo kwenda mbio. Kila mkasa mpya hujifunga kwenye ile ya zamani, hadi mlio mmoja unaiamsha yote kwa pamoja.

Aina ya mkasa nayo ina uzito wake. Ubakaji na mateso ya makusudi huacha jeraha zito kuliko ajali, na hii ni sababu mojawapo ya wanawake kuugua zaidi.

Lakini jambo ambalo ningependa kila anayepokea wakimbizi alijue ni hili: yanayofuata baada ya mkasa yana nguvu kubwa mno. Mwaka 2000, mwanasaikolojia Brewin na wenzake walipitia tafiti 77 za watu wazima, askari na raia. Ukali wa mkasa, kukosa watu wa kumshika mtu mkono, na shida zilizofuata vilikuwa na uzito kuliko historia ya mtu kabla ya mkasa.

Turudi kwa majirani wale wawili, baada ya kuukimbia mtaa wao. Baba yule alipokewa na kaka yake, wakaishi nyumba moja, akapata kazi. Mama alifika kambini peke yake. Mwanawe hajulikani alipo, hivyo hawezi kumwombolezea wala kuacha kumngoja. Haruhusiwi kufanya kazi, na kila mwezi anaambiwa karatasi zake bado. Kwake vita havijaisha.

Hata watoto walionyesha jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliowalea watoto wa vita jijini London, waliona kwamba kutengwa na mama mara nyingi kuliwaumiza watoto kuliko mabomu yenyewe.

Tiba ipo. Mojawapo huanza na kamba iliyotandazwa sakafuni kama mstari wa maisha: ua kwa kila siku njema, jiwe kwa kila mkasa. Kisha mtu husimulia jiwe kwa jiwe, akiwa na msikilizaji anayemsaidia kuurudisha kila mkasa kwenye tarehe na mahali pake. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, washauri wa kawaida waliofunzwa, wasio madaktari, waliitumia kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na wengi wakapata nafuu. Ncha ya mwisho ya kamba huachwa imekunjwa, kwa sababu ni ya siku ambazo mtu hajaziishi.