Mteja Alilitumia Vingine

Kila wiki napokea vijana wenye mchanganuo wa biashara uliopangwa vizuri, na swali lao ni lile lile: "Mwalimu, wazo hili litalipa?" Siku hizi nami huwauliza: kuna mteja ameshaligusa? Maana mteja akishapewa kitu mkononi, hukitumia kwa shida aliyonayo yeye, si ile uliyomwandikia wewe.

Chukua M-Pesa. Wengi huamini kwamba tangu mwanzo ilibuniwa ili watu watume pesa kijijini. Sivyo. Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, kwa fedha zilizochangiwa na serikali ya Uingereza, alikuwa akifikiria mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo na kuurejesha kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kukiwa na maduka manane tu ya mawakala, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Wateja hawakufika 500.

Kwenye mikopo yenyewe mambo yalikuwa mazito. Wakopaji walikuwa katika vikundi vinavyokutana na kudhaminiana. Mtu akishalipa kwa simu, mkutanoni anafuata nini? Hesabu za taasisi nazo zilisumbua kuoanisha na za simu.

Lakini wasimamizi wa majaribio, akiwemo Susie Lonie, walifanya jambo ninalolithamini kuliko teknolojia yenyewe: walitazama miamala na kuwasikiliza wenye simu. Kumbe kuna waliokuwa wakiweka mauzo jioni na kuyatoa asubuhi, simu imekuwa kasiki la usiku. Kuna walioweka pesa mji mmoja na kuzitoa mwingine, wasisafiri na noti. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia ndugu zao mashambani. Hakuna aliyewafundisha. Pesa ya nyumbani ilikuwa ikikabidhiwa dereva wa basi au jamaa anayesafiri, nawe roho juu mpaka usikie imefika.

Safaricom, mshirika wa Vodafone nchini Kenya, ilipozindua huduma Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na matangazo yalihimiza kutuma pesa nyumbani.

Hapo bado ni wazo tu. Kilicholifanya biashara ni wakala, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana dirishani. Anahitaji noti kwenye droo na floti, yaani salio la pesa za kielektroniki, kwenye simu, vyote kwa wakati mmoja. Mjini watu huweka zaidi, floti inakauka. Kijijini hutoa zaidi, noti zinakwisha. Mteja akiambiwa "rudi kesho" mara mbili, harudi. Bila mpango wa kuwajazia mawakala kila upande unaopungua, huduma ingefia dukani.

Mwaka jana mama mmoja anayetengeneza sabuni ya maji ya vyombo alinijia akiwa amechoka. Chupa zake hazitoki madukani, halafu waosha magari wanamsumbua wakitaka madumu ya lita 20, naye hana. Nilimwomba anipeleke wanakooshea. Tukakaa hapo asubuhi nzima, yeye akihesabu ndoo zinazochanganywa, mimi nikiandika. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapiga simu kuulizia bei ya madumu matupu.