Shule Igawanywe, Lakini Siyo Katikati

Mwanangu wa mwisho yuko darasa la kwanza katika shule ya serikali pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwaka ulipoanza, darasani kwao walikuwa watoto 168. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Niliwahesabu Jumanne moja nilipompelekea chupa ya maji aliyoisahau. Mimi ni mhasibu, kuhesabu kwangu ni ugonjwa. Madawati yalikuwa 31. Waliokosa nafasi walikaa sakafuni mbele kabisa, magoti karibu yaguse ukuta wa ubao, wengine wamekalia viroba walivyotoka navyo nyumbani. Mwalimu aliandika ba, be, bi, bo, bu, akageuka ili azungukie madaftari. Hakuwa na pa kukanyaga. Alisahihisha ya watoto wa mbele, akafika safu ya tatu ya madawati, basi. Wangu alikuwa anakaa ya sita.

Chumba cha nne kutoka hapo ni darasa la saba. Humo wapo 56, kwa sababu wamegawanywa mikondo miwili, na walimu saba wanapokezana vipindi. Kila mtoto ana pa kukaa. Jioni wanabaki kwa masomo ya ziada, na mtihani ukikaribia wanaingia kambi.

Huu ni mwaka wangu wa pili katika kamati ya shule. Wazazi wenzangu hunishika njiani, dukani, hata msibani, na wengi wana wazo moja: shule imefurika, igawanywe ziwe mbili, A na B. Wala sipingi kugawa. Ninachobishana nao ni kisu kipite wapi.

Tuanze na hesabu. Shule ina wanafunzi 1,412 na walimu 26. Ukigawa unapata mwalimu mmoja kwa watoto 54. Kiwango cha serikali ni 45, kwa hiyo kwenye taarifa inayopanda wilayani tunaonekana tumezidi kidogo tu. Lakini hakuna mtoto anayefundishwa na wastani. Usiku mmoja nilichukua karatasi ya manila nikaandika ratiba nzima ya wiki: nani yuko darasa gani, saa ngapi, mbele ya watoto wangapi. Nikajumlisha na yale masomo ya jioni. Mtoto wa darasa la saba alikuwa anapata fungu la mwalimu karibu mara tano ya analopata mwanangu. Shule ileile, geti lilelile, bendera moja.

Nilimpelekea mwalimu mkuu ile manila. Aliitazama kimya, kisha akacheka kidogo. "Mama," akaniambia, "la saba wakianguka naitwa mimi. La kwanza wasipojua kusoma, nani ataniuliza?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hakuna mtu aliyewahi kunieleza shule za msingi vizuri kuliko yeye siku ile. Mtihani wa kumaliza la saba ndio unaobeba jina lake. Ni kweli Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa mwaka 2023, lakini huku chini kwenye vikao vya wadau orodha ya la saba ndiyo ya kwanza kusomwa. Upimaji wa darasa la nne unafuata kwa mbali. Ule wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa darasa la pili upo, ila mimi sijasikia mtu akisimamishwa kikaoni kuuelezea. Basi mwalimu mkuu anafanya ambacho ningefanya mimi: anaweka walimu wake wazuri pale anapoulizwa. Mtoto anayevuka la pili bila kusoma anaburuzwa hivyohivyo hadi la saba, na huko ndiko walimu saba na kambi juu yake wanahangaika kumfundisha silabi na maswali ya mtihani kwa pamoja. Kwa lugha ya kazini kwangu, huo ni mkopo tuliokataa kuulipa ukiwa mdogo.

Kuhusu hela, maana hapo ndipo mikutano ya wazazi huwaka moto. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu wanaiita kapitesheni, ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 inaingia akaunti ya shule. Kwetu hiyo ni shilingi 8,472,000 kwa mwaka mzima, na inatakiwa inunue chaki, ilipie karatasi za mitihani, iendeshe ofisi na michezo, izibe bati linalovuja. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawa utapata shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Pipi dukani kwetu ni 50.

Na hiyo 10,000 ina umri. Ilipangwa ulipoanza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa, kwa kipimo cha dola 10 kwa mtoto. Wakati huo dola moja ilikuwa haijafika shilingi 1,000. Leo 10,000 haipati hata dola 5. Kwa hiyo mzazi anayeniuliza kwa ukali "hela za serikali mnapeleka wapi?" namwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi. Ipo siku zote. Watu wanaipita kama tangazo la mnada wa mwaka jana.

Hela za majengo ni mfuko mwingine, na huo umenona. Mwaka 2021 ulikuja mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3, zile fedha za kupambana na UVIKO (korona), vikajengwa vyumba 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila kimoja. Ukafuata mradi wa BOOST wa Benki ya Dunia, dola milioni 500 kwa ajili ya shule za msingi na awali. Nilishangilia kama wengine. Sisi tulipata vyumba viwili, vizuri kweli, marumaru hadi mlangoni, wakapewa darasa la tano. Darasa la mwanangu likabaki na viroba vyake. Chumba kipya hakina habari na nani ataingia. Hilo linaamuliwa na mtu mwenye ratiba mkononi.

Hapa niwaeleze jambo moja kuhusu mamlaka, kwa sababu wazazi wengi wanagonga milango isiyo yao. Mtaala na uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, ni Wizara ya Elimu. Shule zenyewe na mgawanyo wa walimu kwenda halmashauri ni TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mwajiri wa mwalimu ni mkurugenzi wa halmashauri, na nidhamu yake iko Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukitaka kuongezewa mwalimu, barua yako itatembea kuliko wewe. Lakini mwalimu yupi kati ya hao 26 afundishe darasa lipi, hilo halihitaji kibali cha Dodoma. Linaamuliwa palepale ofisini na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, kwa penseli na rula. Kamati haiwaamrishi, ila inaweza kuuliza. Ndiyo maana nilianzia huko.

Tuliuliza, na baada ya vikao vitatu likatoka hili: darasa la kwanza lifanywe zamu mbili, 84 asubuhi na 84 kuanzia saa tano, na mwalimu mmoja wa darasa la sita ashuke kusaidia. Nimeandika "ashuke" bila kufikiri, na ndivyo kila mtu alivyosema. Mwalimu mwenyewe alilia ofisini. Kwenye chumba cha walimu kupelekwa la kwanza ni adhabu. Watu wakamuuliza kamkosea nani. Hatuna posho ya kumpa. Tulichoweza ni kumtafutia kabati lenye kufuli la kuwekea kadi zake za herufi, na mwalimu mkuu akamwondolea zamu ya wiki ya kusimamia shule. Sasa anasema hataki kurudi juu, ingawa nahisi ni kabati.

Zamu ya mchana ilitusumbua. Lile jengo halina dari, saa nane bati linachoma na watoto wanasinzia juu ya madaftari. Wazazi wanaotoka saa kumi na mbili kwenda kazini hawana wa kumleta mtoto saa tano, na wengine wakaacha kuja kabisa mpaka tulipoanza kubadilishana zamu kila wiki. Tukajaribu pia mwalimu wa kujitolea, kijana mwenye diploma aliyekuwa nyumbani, kwa mchango wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa hiari. Tangu Rais Magufuli apige marufuku michango ya lazima mwaka 2018, walimu wakuu wanaogopa kushika hela ya mzazi, na nawaelewa. Kupata kibali tu kulichukua muhula. Mwezi wa tatu ikachangwa hela isiyofika nauli yake. Akaondoka kwa heshima, akatuachia hata kadi alizochora.

Hata hivyo 84 siyo 168. Bado ni karibu mara mbili ya kiwango, lakini mwalimu anafika nyuma. Alama ya kwanza ya kalamu nyekundu kwenye daftari la mwanangu ni ya tarehe 14 Mei. Nimeipiga picha.

Sasa turudi kwenye A na B. Pendekezo lililopo mezani ni kukata katikati: kila shule iwe na awali hadi la saba, wanafunzi kama 700, uwanja uleule. Wanaolitetea wana hoja moja nzito, kwamba shule iliyosajiliwa inaombewa walimu wake yenyewe. Nakubali. Lakini tutapata walimu wakuu wawili, kila mmoja na posho yake ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, mihuri miwili, na wote wawili watakuwa na darasa la saba la kuwanyima usingizi. Kila mmoja atarudia alichoniambia mwenzake. Watoto wa la kwanza watakuwa wamelala mzungu wa nne kwa majina mawili badala ya moja. Bomba la maji litabaki moja, na mita ya Luku moja. Nasubiri kuona nani ataweka umeme mwezi wa pili. Vyoo vipo matundu 14. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo tunahitaji 64, na kibao kipya getini hakichimbi shimo. Mzee mmoja wa kamati alisema nyumba ukiitoboa mlango wa pili haijawa nyumba mbili.

Ninachopendekeza ni kukata kwa umri. Awali, la kwanza na la pili wawe shule yao, na mwalimu mkuu wao ambaye hesabu yake ni moja tu: wangapi wamevuka la pili wanasoma. Huyo ataulizwa, maana hatakuwa na darasa la saba la kujifichia. Mwalimu mzuri atakuwa hana mahali pengine pa kuwekwa. Na wala si jambo geni. Shule shikizi ndivyo zilivyo, za madarasa ya chini peke yake, zilizowekwa ili watoto wadogo wasitembee mbali. Katika vile vyumba 15,000 vya mwaka 2021, 3,000 vilikuwa vya vituo shikizi. Sisi shida yetu siyo umbali, ni msongamano, lakini umbo ni lilelile. Serikali ya mtaa ina kipande cha ardhi upande wa pili wa barabara, kinachotumika kuegesha bajaji mbovu. Udhaifu wa wazo langu naujua: mama mwenye mtoto la pili na mwingine la nne atakuwa na mageti mawili ya kupitia asubuhi, na barabara ile haina tuta.

Ninaharakisha kwa sababu ya mwaka 2027. Chini ya sera mpya ya elimu, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na mwaka huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Wanangu wakubwa wamepishana darasa moja, kwa hiyo Januari 2028 nitawapeleka wote wawili kidato cha kwanza. Wifi yangu ameshaniuliza kama nimezaa mapacha. Naona mapema kitakachotokea shuleni mwaka huo: madarasa mawili ya mtihani badala ya moja, na walimu wote watavutwa juu. Yule mwenye kabati naye sijui kama ataachwa.

Nimeandika pendekezo kurasa mbili, manila nimeikunja nyuma, nikampelekea afisa elimu kata. Amesoma yote mbele yangu, na hilo peke yake limenipa moyo. Kisha akauliza: "Sasa mama, hiyo ya wadogo itaitwaje?" Nikamwambia jina tutalitafuta, kwanza twende tukapime kile kiwanja tuone vyoo vitakaa wapi. Tumepanga Alhamisi saa nne.