VVU na utumbo: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Mjomba wangu anatumia dawa mwaka wa 7 sasa. Juzi kati nimeenda kumsalimia nakuta chini ya kitanda chupa ya soda imejaa maji ya kijani, machicha yametuama chini, nauliza mjomba hii nini, ananiambia tumbo linamsumbua kwa hiyo kuna jamaa stendi kamuuzia dawa ya kusafisha utumbo, na sharti lake asichanganye na ARV wiki mbili. Wiki mbili jamani!

Sasa tuanze na hili la kwamba VVU ni ugonjwa wa damu. Unatolewa damu, CD4 (zile seli za ulinzi ambazo VVU inazishambulia) zinasomwa kwenye damu, lazima uwaze hivyo. Ila damu ina kama asilimia 2 tu ya limfosaiti (seli nyeupe za ulinzi, CD4 zikiwemo) zote za mwili, nyingi sana ziko utumboni maana huko ndo vyakula na bakteria vinapita kutwa. Na kirusi ili kiingie kwenye seli kinataka vipokezi viwili, yaani milango miwili juu ya seli, CD4 (seli zenyewe zimepewa jina la mlango huu) na mwenzake anaitwa CCR5, na seli za ulinzi za utumbo zina hiyo CCR5 kwa wingi kuliko zile za kwenye damu. Kwa hiyo wiki chache za mwanzo, mwenyewe hata hujui kama umeambukizwa, huko tumboni zinafyekwa balaa wakati damu bado inasoma namba ya kawaida kawaida. Zikishaisha zile zinazolinda ukuta, ukuta unavuja, vipande vya bakteria vinaingia kwenye damu, mwili unakaa umewashwa kama taa isiyozimwa na unachoka.

Wengine wanadhani kila kiumbe chenye kirusi cha jamii hii lazima kiugue. Hawa tumbili wanaotuibia mahindi shambani wengi wana SIV yao, ndugu wa VVU (VVU yetu haikutoka kwao lakini, ilitoka kwa sokwe mtu huko Cameroon), na wanazeeka nayo wakiruka ruka tu. CD4 zao zina CCR5 kidogo na ukuta wa utumbo wao hauvuji. Mi hii ndo inanifurahisha kuliko zote.

Halafu "ARV ndo zinaharisha". UKIMWI Waganda walikuwa wanauita Slim na kule Kagera watu wanasema Juliana, miaka ya 80 mwanzoni, mtu anaharisha miezi mpaka anabaki mifupa, ARV ya kwanza imeidhinishwa 1987, sasa walikuwa wanaharishwa na dawa gani? Ni kweli zipo zilizokuwa zinasumbua tumbo, lopinaviri hiyo wanaijua waliowahi kuitumia, lakini hizi za siku hizi zenye dolutegraviri wengi wakisumbuliwa ni mwanzoni tu. Ukiendelea kuharisha rudi kliniki wapime choo, usijitibu.

Kusafisha utumbo ndo uongo wenyewe. Utumbo sio bomba la sinki, ngozi yake ya ndani inajibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache, hiyo ya chupa inakuharisha tu na maji yanakuishia, na ukiacha ARV kirusi kinarudi ndani ya wiki chache kinaanza kufyeka upya pale pale tumboni.

Ila na hawa wanaosema virusi havionekani kwenye kipimo basi nimepona kila kitu, hapana. Humwambukizi mpenzi wako, hiyo ni kweli kabisa, lakini utumbo unajirekebisha taratibu kuliko damu na kwa wengi haurudi wote, ndo maana aliyeanza dawa mapema ana nafuu.

Mjomba nilimpeleka kliniki, choo kikapimwa wakakuta giadia, kijidudu cha kuharisha, akapewa dawa yake flajili na ARV zake akaambiwa asiguse ratiba. Hela aliyompa jamaa wa stendi mpaka leo hataki kunitajia ni shingapi.