Mzee anameza dawa za sonona na bado hajapata nafuu: maneno tunayoyasikia na ukweli wake

Mama mkubwa alifiwa na mume akiwa na miaka 71, na mwaka uliofuata ikawa kila siku kichwa kinawaka moto, miguu haina nguvu, chakula hakipiti, usiku macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Tukampeleka kupima malaria na taifodi sijui mara ngapi, hadi nesi mmoja akatuambia nendeni kwa daktari wa akili. Ikaonekana ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akaanzishiwa vidonge. Miezi 2 ikapita, hamna kitu. Hapo ndo nikaanza kusikia maneno ya kila aina kwenye familia, na mpaka leo nayasikia kwa wengine wenye wazazi wazee.

"Ni uzee tu huo, na kafiwa, mnataka acheke?"

Hapana. Uzee hauleti sonona wenyewe, wazee wengi hawana. Majonzi ya msiba yanakuja na kuondoka, leo analia kesho anapiga stori na wajukuu, ila mtu wa sonona hata mjukuu akija hamna kinachoamka ndani, na hali inakaa hivohivo wiki baada ya wiki. Kingine, mzee hatasema "nina huzuni". Atasema mgongo, tumbo, kichwa, mwili hauna nguvu, ndo maana tunazunguka maabara tu.

"Dawa imedunda, basi huyo hatibiki."

Hili ndo linaloniuma zaidi maana watu wanaishia hapa. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani ambao matokeo yake yalitoka 2006, karibu theluthi moja tu ya wagonjwa ndo walipona kabisa kwa dawa ya kwanza, na wengine wakapona walipoenda hatua ya pili na kuendelea, yaani dawa ya kwanza kutomaliza tatizo ni jambo la kawaida kabisa na siyo hukumu.

Na kabla hujasema imedunda kuna maswali. Anazimeza kweli kila siku, au anaruka zikiisha hela? Dozi je? Mzee huanzishwa na dozi ndogo, ni sahihi, shida ni pale inapobaki ndogo miezi yote na hakuna aliyekumbuka kuipandisha. Muda nao, wiki 4 hadi 6 kwa kawaida, wazee wengine mpaka 8 au zaidi. Halafu mwili wenyewe: tezi ya shingo ikizembea inaleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona, damu kupungua, maumivu ya magoti yanayomnyima usingizi, pombe, masikio (asiyesikia vizuri anajitenga taratibu, watu wanasema kanuna). Mama mkubwa alikuwa anakunywa metfomini ya sukari zaidi ya miaka 10, na dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12. Hakuna aliyekuwa amempima. Alipopimwa ilikuwa chini sana, akaanza sindano.

"Basi mbadilishieni dawa, au mwongezeeni, zote sawa."

Siyo sawa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada, watu 619 wa miaka 60 na kuendelea ambao angalau dawa 2 za sonona zilishawashinda. Waliobadilishiwa wakapewa bupropioni (dawa nyingine ya sonona) peke yake, waliopona walikuwa kama asilimia 19, ila walioachiwa dawa yao wakaongezewa aripiprazoli (dawa ya magonjwa mengine ya akili) au bupropioni walikuwa kama asilimia 28 hadi 29. Kuongezea kukashinda, lakini sasa angalia upande wa pili, walioongezewa bupropioni ndo walioanguka chini mara nyingi zaidi, na mnajua mzee akianguka akavunjika nyonga maisha yanabadilika yote. Kwaiyo uchaguzi huu unataka daktari anayemjua mgonjwa, siyo jirani aliyebakiza vidonge.

Lithiamu nayo huongezewa, ni dawa ya zamani na inasaidia baadhi, ila lazima kiwango chake kipimwe kwenye damu, na ikikutana na dawa fulani za presha au na diklofenaki, dawa ya maumivu anayojinunulia kwa ajili ya magoti inaweza kupanda mpaka ikawa sumu. Mwambieni daktari KILA kitu anachomeza, na mitishamba pia. Na amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona ambayo huku kwetu inaandikwa sana, kwa mzee inaweza kukausha mdomo, kuziba mkojo, kumchanganya akili na kumwangusha, kwaiyo uliza kama kuna nyingine inayomfaa zaidi. Usiikatishe ghafla mwenyewe.

"Tiba ya umeme ni kumtesa."

Mgonjwa analazwa usingizi kwa dawa, misuli inalegezwa, ndo umeme kidogo unapitishwa kichwani, hasikii kitu. Utafiti wa Marekani wa 2016 kwa wazee 240 wenye sonona kali, walipewa tiba ya umeme pamoja na venlafaksini (dawa ya sonona), kama asilimia 62 walipona ndani ya wiki chache. Inaweza kugusa kumbukumbu, mara nyingi zinarudi, ingawa baadhi za kipindi kile cha matibabu zinaweza zisirudi, hilo muulizeni daktari wazi. Ila kwa mzee aliyeacha kabisa kula na kunywa, hii inaweza kuwa ndo ya kuokoa maisha.

"Mzee wa kijijini hawezi kaunseling."

Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanachagua tatizo moja, wanalitafutia njia, wiki ijayo lingine, na matokeo ya 2016 yalionyesha dalili zimepungua sana. Wagonjwa wale wengi walikuwa vijana, lakini njia hiyohiyo ya tatizo mojamoja imejaribiwa Marekani kwa wazee wenye sonona na ikasaidia. Haihitaji shule.

"Usimuulize kuhusu kujiua, utampa wazo."

Muulize. Kuuliza hakupandikizi wazo. Akianza kusema nimewachosha, au anagawa vitu vyake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msimwache peke yake, na sumu za shambani na vidonge vyote vifungiwe.

Mama mkubwa hakupona kwa kitu kimoja. Zilikuwa sindano, dozi kupandishwa, na mwanamke mmoja wa kanisani aliyekuwa anakuja kila Jumanne wanachambua mchicha pamoja wakiongea. Mwezi wa 5 hivi nikapiga simu asubuhi, hakupokea, nikaogopa sana, kumbe alikuwa bustanini anapalilia.